Maswali na Majibu: Sauti ya filamu huanzia sikioni

Wengi mlioniandikia safari hii mmeuliza kuhusu vifaa. Nimechukua swali moja la vifaa liwakilishe mengine yote, nafasi iliyobaki nikawapa walioulizia kazi yenyewe.

SWALI: Mwalimu, nataka kuanza kurekodi sauti za filamu. Ninunue maikrofoni ipi?

Usinunue. Anza na simu uliyonayo. Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado linarudi kwa maneno yaleyale, kana kwamba kuna maiki inayojua kusikiliza kwa niaba ya mwenye nayo. Chukua daftari, kaa mahali pamoja dakika 10, funga macho. Kisha andika kila ulichosikia: kipi kilikuwa karibu, kipi kilitoka mbali, kipi kilivuma bila kukatika na kipi kilipita mara moja tu. Kesho rudia mahali palepale, saa nyingine. Baada ya wiki moja utaanza kuusikia mvumo wa jokofu ambao umeishi nao miaka yote, na hapo utaelewa kwa nini rekodi zako zina ukungu.

Pili, sogea. Kila umbali kati ya maiki na chanzo cha sauti unapoongezeka maradufu, sauti ile hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali kelele za chumba hubaki palepale. Maiki ya kawaida iliyo sentimita 30 kutoka kwenye kiatu itaishinda maiki ghali iliyo mita 3. Siku utakapoweza kuniambia maiki yako inashindwa nini hasa, tutazungumza habari ya kununua nyingine.

SWALI: Nina diski imejaa sauti nilizopakua bure mtandaoni. Kuna haja gani ya kurekodi zangu?

Ipo, tena kubwa. Mlango uliopakua ni mlango wa mtu mwingine, kwenye chumba cha mtu mwingine, uliofungwa kwa hasira ambazo si za mhusika wako. Mlango mwepesi husikika kama kadibodi. Mlango wa mbao nene huacha mtikisiko unaotembea hadi mwisho wa ukumbi. Na mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto haufungi kama anayeondoka asirudi tena.

Miaka yangu ya mwanzo niliweka sauti ya kupakua kwenye picha ya mlango mzito wa ghala. Mbele ya kompyuta iliniridhisha. Ukumbini, mhusika alipofungiwa ndani, watu wakacheka. Nilirudi nikarekodi kifuniko cha sanduku kubwa la mbao, nikakiangusha mara kadhaa kwa nguvu tofauti, nikatafuta komeo la chuma lenye kutu nikalirekodi peke yake, nikaziweka sauti hizo mbili pamoja. Tukio likapata hofu yake. Tangu hapo maktaba za sauti nazitumia kwa vitu nisivyoweza kuvifikia, si kwa vitu vilivyo nyumbani kwangu.

Na neno "bure" mlisome vizuri. Kupakua bila malipo si ruhusa ya kutumia upendavyo. Kwenye leseni za Creative Commons, ambazo wenye kazi huzitumia kuwaruhusu wengine kuitumia, ile iitwayo CC0 inakuacha huru. Nyingine zinakudai umtaje aliyerekodi, na nyingine zinakataza matumizi ya kibiashara, yaani filamu unayotaka kuiuza haimo. Andika chanzo na leseni kwenye jina la faili siku ileile unapopakua, maana baada ya miezi 6 hutakumbuka. Wanaokata sauti kutoka kwenye filamu za wengine wasiniulize namna ya kuzisafisha. Sitawasaidia.

SWALI: Mifupa inayovunjika, farasi, mtu anayetembea kwenye theluji: hutengenezwaje?

Kwa mifupa, mabua ya mboga iitwayo selari hupindwa na kuvunjwa karibu na maiki. Vifuu viwili vya nazi hugongwa kwenye udongo au jiwe, kutegemea farasi anapita wapi. Wanga wa mahindi hutiwa kwenye mfuko wa ngozi na kufinywa kwa mwendo wa nyayo. Glavu za ngozi zikipigwapigwa huwa mabawa ya ndege.

Mmeridhika? Mimi bado. Mapishi haya yanajulikana kote, na anayeyakariri hubaki na sauti nne tu. La kujiuliza ni kwa nini wanga hufanana na theluji. Ni kwa sababu chembe zake husagana na kulia zinapobanwa, kama theluji kavu inavyofanya chini ya kiatu. Ukishajua kwamba unatafuta chembe zinazosagana, utapata vitu vingine kumi kabatini mwako. Ben Burtt, mbunifu wa sauti wa Marekani, alipohitaji sauti ya bunduki za mwanga kwa ajili ya filamu ya Star Wars ya 1977, aliipata kwa kugonga waya wa chuma unaoshikilia mnara. Mapishi ya bunduki ambayo haikuwahi kuwepo hayakuwepo pia. Alikuwa na sikio lililokwishautambua mlio ule.

Ufundi huu wa kuigiza sauti huku ukitazama picha unaitwa foley, kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal, aliyeanza kuufanya filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Mafundi huugawa mara tatu: nyayo, nguo, na vitu vinavyoshikwa. Nguo ndizo wanaoanza huzisahau. Kitambaa kinachosuguana mtu anapogeuka hakuna mtazamaji atakayekitaja, lakini kiondoe uone mwigizaji anavyogeuka picha iliyobandikwa ukutani.

SWALI: Sauti yangu imepasuka kwa sababu nilirekodi kwa kiwango cha juu mno. Programu gani itairekebisha?

Rekodi tena. Na safari hii vilele viishie karibu na −12 desibeli, yaani 12 chini ya kikomo ambapo sauti hupasuka, uwe na nafasi ya mshtuko usioutarajia.

SWALI: Nirekodi kwa kilohezi 48 au 96?

Filamu hutumia 48, yaani sauti hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 24, na kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Tumia 96 kwa sauti unazokusudia kuzipunguza mwendo. Rekodi ya kilohezi 48 hubeba masafa ya sauti, yaani kasi ya mitetemo yake, hadi nusu ya hapo: kilohezi 24. Ukiipunguza mwendo kwa nusu inashuka oktavu moja, na kilichokuwa 24 kinakuwa 12. Ndiyo maana mazimwi yenu yote yanasikika kana kwamba yanaunguruma ndani ya blanketi. Ukianzia 96, na maiki yako ikiwa inafika huko juu, ung'avu utabaki.

SWALI: Je, lazima kila unyayo ulingane na picha? Nina tukio la umati na nimechoka.

Umati uachie. Walter Murch, mhariri na mbunifu wa sauti wa Marekani, aligundua jambo ambalo nimelihakikisha mara nyingi: nyayo za mtu mmoja lazima zilingane, za watu wawili pia, lakini wakifika watatu akili huacha kuhesabu na kusikia kundi. Kwa hiyo nguvu zako zipeleke kwa mtu anayetembea peke yake. Hapo fremu moja, yaani picha moja ya filamu, ambayo kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde ni takriban milisekunde 42, inaanza kuwa na maana, na mbili zinaonekana. Ukishindwa kulenga kabisa, heri sauti ichelewe kidogo kuliko iwahi. Maishani mwanga hutangulia kutufikia, kwa hiyo sauti inayochelewa tumeizoea, inayowahi hutushtua.

SWALI: Nyayo zilisikika vizuri tulipopiga picha. Kwa nini nizirekodi upya?

Kwa sababu zimekaa kwenye njia moja, yaani mkondo mmoja wa rekodi, na mazungumzo. Siku filamu yako itakapotafsiriwa kwa lugha nyingine, mazungumzo yataondolewa, na nyayo, vikombe na viti vitaondoka nayo. Utabaki na muziki na watu wanaoelea. Wanaonunua filamu kwa ajili ya kuitia sauti za lugha nyingine hudai njia ya muziki na athari za sauti isiyo na neno hata moja la mazungumzo. Kwa mtu anayetengeneza filamu kwa Kiswahili na kutaka ivuke mipaka, hili si la hiari.

SWALI: Kila picha inapokatwa, nyuma kunasikika shimo. Nimekosea wapi?

Hukurekodi sauti ya chumba. Kila mahali pana kimya chake: taa zinavuma, upepo unapita dirishani, barabara inanguruma kwa mbali. Kabla hamjafungasha vifaa, kila mtu asimame alipo, asiguse kitu, rekodi dakika nzima. Mwongozaji atanung'unika kwamba mnapoteza muda. Msimame vilevile. Dakika hiyo ndiyo itakayotandikwa chini ya mazungumzo yote, na usipokuwa nayo utakuja kuokoteza vipande vya nusu sekunde kati ya maneno ya waigizaji, kazi ambayo imenikesha usiku mwingi.

SWALI: Nataka kurekodi vioo vikivunjika na treni ikipita kwa karibu. Una ushauri?

Kwa vioo, vaa miwani ya kinga, glavu nene na viatu vilivyofunikwa, na maiki uitangulizie kitambaa chepesi. Kwa treni, rekodi kutoka mahali ambapo abiria wanaruhusiwa kusimama. Ukiwa na hedifoni hutajua treni inatokea upande gani, kwa hiyo nenda na mwenzako ambaye kazi yake ni kutazama tu. Wala usipandishe sauti ya hedifoni hizo hadi kiwango cha mwisho. Sikio likishaharibiwa na kelele haliponi, na katika kazi hii ndilo mtaji wenyewe.

SWALI: Naweza kukutumia kazi yangu uisikilize?

Tuma. Iwe dakika moja, mtu mmoja akiwa peke yake ndani ya chumba, bila neno na bila muziki. Muziki nimeukataza makusudi. Nusu ya kazi ninazoletewa zina ala za kuhuzunisha kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, na chini yake hakuna kiti kinacholia, wala pumzi, wala kikombe kinachowekwa mezani.