Kikombe cha maji na hukumu ya kifo

Mmeuliza wiki hii, sheria za kuadhibu wanaokashifu dini zinailinda dini kweli au zinawaumiza walio wachache? Mimi ni Muislamu, madrasa nimesoma Tanga, na jibu langu ni kwamba ile ya Pakistan inaumiza tu, na nasema hivi nikiwa nampenda Mtume (SAW) kuliko nafsi yangu.

Chukueni kesi ya Asia Bibi, mama Mkristo wa kijijini huko Punjab, mwezi wa sita 2009 wako shamba wanachuma matunda na wenzake wa Kiislamu, akaenda kuchota maji, wenzake wakakataa kuyanywa eti yameshikwa na Mkristo, maneno yakaanza pale, siku tano baadae kesi iko polisi kwamba kamtukana Mtume. Kifungu chenyewe cha sheria ya kumtukana Mtume, 295-C, kiliingizwa 1986 enzi za Jenerali Zia-ul-Haq, mtawala wa Pakistan wakati huo, na mwaka 2010 mama wa watu akahukumiwa kunyongwa. Jamani, maji! Suratul Maida inasema chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi, ni halali kwetu, sasa maji yao yamekuwaje haramu?

Waliomtetea nao wakauawa. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, Muislamu mwenzetu, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe Januari 2011, na miezi miwili haijaisha akafuata waziri Shahbaz Bhatti, Mkristo. Mahakama ya Juu ilikuja kumwachia huru mama yule Oktoba 2018 maana ushahidi ulikuwa unagongana, shahidi huyu anasema kwenye kikao cha kijiji alichodaiwa kukiri walikuwepo watu 200 hadi 250, yule anasema zaidi ya 2,000. Yani kwa maneno kama hayo mtu kakaa miaka karibu minane anasubiri kitanzi! Na Suratul Hujurat iko wazi kabisa, akikujieni fasiki na habari ichunguzeni, msije mkawadhuru watu kwa kutojua.

Kuna watakaosema basi unataka Mtume atukanwe. Hapana, akitukanwa naumia sana. Lakini watu wa mji wa Taif walimpiga mawe mpaka miguu ikavuja damu, akaletewa malaika wa kuwaangamiza akakataa, akasema huenda vizazi vyao vitamuabudu Mungu. Nani kati yetu ana uchungu na Mtume kuliko Mtume mwenyewe?

Na sio Wakristo peke yao, Waislamu wengi tu wameshitakiwa kwa sheria hiyo, ukigombana na jirani kuhusu kiwanja unamzushia neno imeisha hiyo. Ila ninaowaonea uchungu zaidi ni Ahmadiyya, wanaojiita Waislamu ila Waislamu wengi hawawakubali. Kwenye itikadi siko nao hata kidogo, ila toka 1984 Ahmadiyya wa Pakistan akijiita Muislamu au akiita nyumba yake ya ibada msikiti ni kifungo hadi miaka mitatu. Sisi huku Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa Ahmadiyya, kasoma hukohuko Pakistan, akarudi akawa meya wa Dar es Salaam halafu Waziri wa Sheria wa Tanganyika, na watu wakimwita Sheikh bila kuogopa polisi. Huyohuyo angekuwa Lahore leo, lile neno Muislamu tu likimtoka mdomoni angewekwa ndani.