Fundi, Hiki Nikioshe kwa Kitu Gani?

Tangu nilipogusia habari ya kufufua magari ya zamani, maswali yameingia mengi, na karibu yote yanazunguka jambo lile lile: kifaa kimefunguliwa kikiwa na grisi ya miaka 30 na kutu juu yake, sasa kioshwe kwa kitu gani? Nimechagua machache. Ila kwanza wekeni sumaku mfukoni. Ikinasa, ulicho nacho ni chuma. Isiponasa, huenda ni aluminiamu, shaba au zinki, na dawa inayofaa kwa chuma inaweza kukimaliza kifaa hicho mbele ya macho yako.

Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 aliyoniachia marehemu baba. Nimefungua silinda hedi, ina masizi magumu kama lami. Jirani anasema niitumbukize kwenye kostiki soda, itatoka nyeupe. Nifanye hivyo? (Msomaji, Moshi)

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. Itatoka nyeupe kweli, ila haitatoka yote. Bloku ya 504, yaani mwili wa injini, ni chuma cha kusubu, lakini hedi yake, kifuniko cha juu yake, ni aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto upesi.

Hili sikulisoma mahali. Nikiwa bado najifunza kazi, gereji yetu ilikuwa na pipa la kostiki la kutolea rangi kwenye vyuma. Siku moja nikatumbukiza kifuniko cha aluminiamu cha cheni ya taimingi, nikaenda zangu kunywa chai. Niliporudi pipa lilikuwa linatokota bila moto, povu la kijivu linamwagika sakafuni. Nilipokivuta kile kifuniko kwa waya, kilikuwa na vitobo kama mkate wa kumimina. Nilikilipa kidogo kidogo kwa miezi miwili.

Wewe ilaze hedi kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi kwangua masizi kwa kipande cha mwanzi uliochongwa au plastiki ngumu, si bisibisi. Pale inapokaa gasketi usipitishe grenda wala msasa: mkwaruzo mmoja unatosha kuvujisha maji, na punje za msasa zikijificha kwenye njia za oili zitakuja kuzisaga beringi injini ikishawaka. Malizia na maji ya moto yenye sabuni ya unga, suuza, kisha puliza kila tundu kwa kompresa.

Fundi, petroli inaosha haraka kuliko mafuta ya taa. Kuna ubaya gani? (Mombasa)

Mvuke wa petroli hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Mombasa. Cheche ya swichi inatosha. Mafuta ya taa yanahitaji kufika nyuzi 38 hivi, kwa hiyo yana nafuu, ingawa nayo usiyaweke jirani na mtu anayechomelea. Na mpira wowote wa breki, iwe kikombe cha silinda au hosi, usiutie kwenye petroli wala mafuta ya taa. Utavimba. Uoshe kwa maji ya sabuni, uukaushe vizuri, kisha uupake mafuta ya breki yenyewe.

Natengeneza Land Rover ya zamani. Bawaba, mabano na nati zimeliwa na chumvi ya bahari. Nitumie siki, ndimu au nini? (Tanga)

Land Rover inawachanganya wengi. Ilipotoka mwaka 1948 chuma kilikuwa kwa mgao kule Uingereza baada ya vita, ndiyo maana mabati ya bodi yakawa ya aluminiamu. Chesisi na ukuta unaotenga injini na abiria ni chuma. Tenganisha mafungu mawili kwa sumaku kabla hujashika ndoo.

Siki na ndimu ni asidi, zinafanya kazi. Bibi zetu walisugua birika za shaba kwa ndimu na ukwaju miaka nenda miaka rudi. Shida yake ni kwamba zikimaliza kutu zinahamia kwenye chuma kizima. Siki ni ya usiku mmoja, na inataka mtu asiyesahau.

Mimi kwa fungu la vyuma vyako ningetumia molasi, ile ile ya kulishia ng’ombe, inayouzwa maduka ya pembejeo. Kipimo ni kopo moja la molasi kwa makopo tisa ya maji. Toa grisi kwanza, maana molasi haigusi mafuta wala rangi. Zamisha kila kitu kabisa; kipande kikichungulia nje, pale maji yanapoishia kitachimbika mstari. Funika, weka mbali na nyumba (inachacha, inanuka, na nyuki watakuja), kisha sahau wiki moja, ikibidi mbili. Kutu inatoka kama tope jeusi na chuma kinabaki karibu kama kilivyotengenezwa, hadi hesi za bolti. Kwa mtu mwenye haraka haifai. Kwa aluminiamu pia haifai, inaila.

Nimesikia kuna njia ya kutoa kutu kwa umeme. Ni kweli au ni mazingaombwe? Ninayo chaja ya betri na vijiko vya chuma cha pua. (Nakuru)

Ni kweli, dada, lakini vijiko virudishe jikoni. Chuma cha pua kina kromiamu, na umeme ukiitoa ndani ya maji inaweza kugeuka sumu inayosababisha saratani. Tumia vipande vya nondo au bati nene la chuma cha kawaida.

Chukua ndoo ya plastiki. Katika kila lita 5 za maji koroga kijiko kikubwa kimoja cha soda ashi, ule unga mweupe wa magadi. Wewe uko Kenya, na soda ashi imechimbwa kwenu Ziwa Magadi kwa zaidi ya miaka 100, kwa hiyo haitakupiga chenga. Usiweke chumvi ya mezani badala yake, itatoa klorini. Kifaa chenye kutu kifunge kwenye waya hasi wa chaja, nondo kwenye waya chanya, na visigusane kamwe. Ukikosea pande utakuwa unaila mali yako na kuisafisha nondo.

Washa. Vipovu vidogo vitaanza kupanda kutoka kwenye kifaa, halafu maji yatageuka rangi ya chai ya rangi. Vipovu hivyo ni hidrojeni, basi fanya kazi nje, sigara mbali, na uzime chaja ukutani kabla ya kugusa vibanio. Saa 6 mpaka 12 zinatosha vifaa vingi. Upande unaotazamana na nondo ndio unaosafika zaidi, hivyo kigeuze kifaa au zungushia nondo pande zote. Chaja za kisasa huwa zinakataa kuwaka zisipoona betri. Tafuta ya kizamani.

Springi na bolti za injini nataka kuzitia kwenye maji ya betri. Dakika chache tu. (Dodoma)

Hata dakika moja usitie. Chuma kigumu kikikaa kwenye asidi kali kinanyonya hidrojeni, na baadaye kinakatika ghafla kikiwa kazini, bila dalili yoyote. Njia ya umeme niliyomweleza dada wa Nakuru nayo ina hatari hiyo hiyo kwa springi na kwa bolti zenye alama 10.9 au 12.9 kichwani, yaani zile za chuma kigumu. Hizo ni za mafuta ya taa na brashi ya waya, kwa mkono. Bolti ya koneksheni rodi yenye mashimo ya kutu haisafishwi, inatupwa.

Kwenye dramu za breki za gari la zamani, vumbi tunalipuliza kwa kompresa. Sawa? (Mwanza)

Si sawa hata kidogo. Breki shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, na madhara yake kwenye mapafu huja kujitokeza miaka mingi baadaye. Lowesha dramu kwa maji ya sabuni kabla hujaligusa vumbi, futa kwa kitambaa kikiwa bado kibichi, kifungie kitambaa kwenye mfuko na ukitupe. Watoto wasiwe karibu.

Nikisafisha chuma jioni kinang’aa, asubuhi nakikuta kimeota kutu ya rangi ya chungwa. Nakosea wapi? (Bagamoyo)

Hujakosea kusafisha, umechelewa kukipaka. Chuma kilichovuliwa kutu kiko uchi, na hewa ya kwenu ina chumvi. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya moto sana ili kifaa kijikaushe chenyewe kwa joto lake, kipulize, kisha hapo hapo kipake: praima (rangi ya kwanza ya kutangulia) kama ni cha kupigwa rangi, oili kama ni cha ndani ya injini. Vaa glavu, kwani jasho la vidole nalo huacha alama. Na kama saa imekwenda na praima imeisha, kiache na kutu yake mpaka kesho.