Kwa wasuluhishi wapya: siri hulindwa baada ya kikao

Wengi mnaojiunga na usuluhishi katika Tume ya Fursa Sawa za Ajira ya Marekani, EEOC, inayopokea malalamiko ya ubaguzi kazini, mnaogopa kikao chenyewe: hasira, machozi, wakili anayegonga meza. Hayo mtayazoea. Kinachohitaji nidhamu kubwa zaidi ni kufunga mdomo watu wakishaondoka.

Kifungu cha 706 cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kinakataza yaliyosemwa katika upatanishi kutangazwa au kutumiwa kama ushahidi bila idhini ya maandishi ya wahusika. Anayeyatangaza anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000, kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili.

Lakini siri huvujia kwenye korido. Usuluhishi ukishindikana, lalamiko hurudi kwa mpelelezi wa tume, na mpelelezi huyo mnakunywa naye chai. Atauliza kwa nia njema kabisa: "Mwajiri alikubali kosa?" Mwambie tu kwamba halikusuluhishwa. Usigune, usitikise kichwa. Madokezo uliyoandika kikaoni yaharibiwe. Hakuna kurekodi sauti.

Mkiwatenganisha wahusika katika vyumba viwili, usitoke chumba cha kwanza kabla ya kuuliza: "Katika haya, nipeleke lipi upande wa pili?" Uliza kila mara, hata kama jibu unadhani unalijua. Mlalamikaji anaweza kukuambia kwamba anachotaka hasa ni kurudi kazini, hata bila fidia. Ukilibeba neno hilo bila ruhusa, umemnyang'anya nguvu pekee aliyokuja nayo, na mara nyingi yeye ndiye asiye na wakili.

Msiahidi kupita kiasi pia. Barua pepe ya meneja yenye maneno ya kibaguzi haigeuki siri kwa sababu imeonyeshwa mezani. Mpelelezi anaweza kuipata kwa njia yake. Waelezeni hilo mapema, kabla mtu hajafungua moyo. Waelezeni pia kwamba usuluhishi ni hiari na hauna malipo, na kwamba kusema "hapana" hakuliharibu lalamiko lao.

Wakikubaliana, makubaliano huandikwa, na mahakama inaweza kuyatekeleza kama mkataba mwingine wowote. Hata kama kikao kimechukua saa nne na kila mtu amechoka, mwachie mlalamikaji muda ayasome peke yake, wewe ukiwa nje, ndipo asaini.