Dereva wa lori, usiingie kwenye theluji kama nilivyoingia mimi

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimepata kazi ya semitrela na baridi ndiyo hiyo inaingia. Nijiandae vipi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta naandika mpaka usiku. Swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Nilikuwa na miaka 11 kwenye usukani nilipokutana na theluji. Milima naijua, matope nayajua, nikaamini theluji nayo ni matope tu, ila meupe. Usiku ule nilikuwa na tela tupu, halijoto inacheza kwenye nyuzi sifuri, lami inang'aa kama imenyeshewa. Mbele kuna mteremko mfupi unaoishia darajani. Nikafanya nililolizoea kwenye kila mteremko: nikawasha breki ya injini, ile inayopunguza mwendo kwa nguvu ya injini yenyewe.

Wenzangu, hapo ndipo nilipokosea. Breki ya injini hukamata yale magurudumu ya kichwa yanayosukumwa na injini, basi. Tela halina habari, linaendelea kusukuma. Na kwa kuwa halikuwa na mzigo, hakukuwa na uzito wa kuyakandamiza matairi yangu yashike barabara. Nikatazama kioo cha pembeni, nikaliona tela langu mwenyewe linakuja kunipita. Nikaizima ile breki, nikakanyaga klachi, nikashika usukani kuelekea nilikotaka kwenda bila kugusa breki nyingine yoyote. Likagonga ukingo wa daraja, likanyooka. Hakuna aliyeumia.

Kilichoniumiza kilikuja asubuhi yake. Msimamizi aliniita mzembe mbele ya madereva wote. Hakuuliza kama kuna mtu aliyewahi kunielekeza. Hakuwepo. Misimu 9 ya baridi imepita tangu hapo, sijakwaruza hata kioo, na neno lile bado nalisikia.

Sasa nisikilizeni. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi hulipitia juu na chini, ilhali barabara imelala juu ya udongo wenye joto kidogo. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huteleza kuliko ile ya baridi kali, maana ina utando wa maji juu yake. Tazama matairi ya gari la mbele yako. Ukiona barabara imelowa lakini matairi hayarushi maji, unatembea juu ya barafu. Ondoa mguu taratibu, na breki ya injini iache imezimwa.

Dizeli nayo ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta inagandamana na kuziba filta, injini inakufa njiani. Dawa ya kuzuia hilo huwekwa kabla. Ikishaganda, dawa ile haikusaidii kitu. Nimewahi kukaa saa 14 kandokando ya barabara kwa kuiweka nikiwa nimechelewa. Betri ipimwe mapema, kwani kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na kama nusu ya nguvu zake. Matangi ya upepo unaoendesha breki yamwage maji kila siku, la sivyo maji yale yataganda kwenye mipira ya kupitishia upepo na utakosa breki. Nasema kila siku, si siku utakayokumbuka.

Ukikwama, usilale na injini ikiunguruma kabla hujashuka kufukua theluji iliyozunguka bomba la moshi. Hewa ya sumu inayorudi ndani haina harufu.

Na tuache kiburi, ndugu zangu. Uzoefu wa barabara kavu haukuhesabiwi huku. Barabara ikikukatalia, tafuta pa kuegesha, piga simu, sema mzigo utachelewa. Watakufokea. Waache wafoke. Mimi nilifokewa kwa kuendelea kwenda, wala sikupata hata wa kunitetea.

Mdogo wangu, umesema unaanza Jumatatu. Leo na kesho bado kukavu. Itoe minyororo ya matairi kwenye sanduku lake, uifunge na kuifungua pale uwanjani, mchana, mara tatu au nne. Ikiwa na pingili iliyokatika, utaiona leo, vidole vyako vikiwa bado vina joto.