Swali la lugha: "nafsi tatu", "umungu mmoja" na "asili moja"

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katekista, nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza na wa kipaimara. Juzi mtoto mmoja kaniuliza, kama Mungu ana nafsi tatu si ndo ana roho tatu? Nikamjibu juu juu tu. Halafu sisi kwenye Nasadiki tunasema "mwenye umungu mmoja na Baba", shemeji yangu ambaye ni Mwanglikana yeye anasema "asili moja na Baba". Ipi sahihi? Na kwanini tusiseme tu Mungu ni watu watatu, ieleweke? Mwisho, ni umungu au uungu, na kwanini Roho Mtakatifu wakati roho ni "yangu" na "yako"?

Jibu: Marahaba. Huyo mtoto ana akili sana, usimkatishe tamaa hata kidogo, maana alichouliza ndo kitu ambacho maaskofu wa karne ya 4 waligombania miaka na miaka, wengine wakafukuzwa mpaka kwenye majimbo yao, na sehemu kubwa ya ule ugomvi ilikuwa ni maneno, huyu anatumia neno hili kwa maana hii na yule analisikia kwa maana ile.

Tuanze na nafsi. Kwenye Kiswahili cha kila siku nafsi ni ile roho ya mtu, undani wake, ndo maana Zaburi inasema "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana" na mtu aliyefanya kosa anasema nafsi yangu inanisuta. Sasa mtoto akiambiwa Mungu ana nafsi tatu anachopata kichwani ni roho tatu ndani ya Mungu mmoja, na hajakosea, amelisikia neno kama mama yake anavyolitumia nyumbani. Lakini nafsi ina maana nyingine ambayo mtoto huyohuyo anaijua toka shule ya msingi: nafsi ya kwanza, nafsi ya pili, nafsi ya tatu. Mimi, wewe, yeye. Yaani anayesema, anayeambiwa na anayesemwa. Hii nafsi ya kwenye sarufi ndo inayotufaa kwenye Utatu.

Na hii siyo mbinu niliyobuni mimi. Mwanzoni mwa karne ya 3 huko Karthago, Afrika ya kaskazini, mwandishi Mkristo Tertullian alikuwa anambishia mtu aitwaye Praxeas aliyefundisha kwamba Baba ndiye huyohuyo Mwana, kwamba ni mmoja tu anabadilisha majina, kwahiyo Baba mwenyewe ndo alizaliwa na ndo aliteswa. Tertullian alifanya nini? Akafungua Maandiko akasema angalieni anayesema ni nani, anamwambia nani, na anamsema nani, hawa hawawezi kuwa mmoja anayejisemesha mwenyewe. Ni yeye aliyetuachia kwa Kilatini ule usemi wa persona tatu (nafsi tatu) na substantia moja (kile ambacho Mungu ni hasa). Na persona kwa Kilatini ndo neno la kwenye sarufi pia, kama nafsi yetu. Kwahiyo wafungulie watoto Marko 1:11, pale Yordani, sauti kutoka mbinguni inasema "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu; nimependezwa nawe." Waulize nani anasema, nani anaambiwa. Halafu waende Marko 14:36 Gethsemane, Yesu anasema "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe", sasa hivi Mwana ndo mimi na Baba ndo wewe. Hapo mtoto anaona kabisa kwamba Baba siyo Mwana, na pia hatabaki na wazo kwamba Baba ndo "mimi" siku zote kisa tu katekisimu inamwita Nafsi ya Kwanza.

Kuna mstari mwingine naupenda sana kwa ajili ya hili, Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja". Tazama vizuri hiyo "tu". Ni kiambishi cha wingi, sisi tu. Na baada yake hakuna "mmoja", kuna "umoja". Waliotafsiri ile Biblia ya Union wangeandika "mimi na Baba ni mmoja" Praxeas angefurahi sana. Tertullian aliupitia mstari huuhuu kwa Kilatini na akaona vitu hivihivi viwili, kwamba kitenzi kiko kwenye wingi na kwamba "moja" iliyotumika pale siyo ya mtu bali ni ya umoja. Miaka zaidi ya 1,700 baadaye Kiswahili kinakupa hoja yote hiyo kwa maneno mawili mafupi.

Kitu kimoja naomba ubadilishe darasani, acha kusema Mungu "ana" nafsi tatu. Ana ni ya kumiliki, ana gari, ana macho mawili, ndo inayomfanya mtoto ahesabu vitu vilivyomo ndani ya Mungu. Sema "Mungu mmoja katika nafsi tatu".

Kuhusu watu watatu, hapana. Mtu kwa Kiswahili ni binadamu, hana maana nyingine, hatusemi malaika ni mtu, tukisema "watu watatu" tayari tumeshasema binadamu watatu kila mmoja na maisha yake. Askofu Gregory wa Nyssa aliulizwa swali hilihili karne ya 4: Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja na bado tunawaita watu watatu, mbona Baba, Mwana na Roho msiwaite miungu watatu? Jibu lake lilikuwa refu ila kiini chake ni kwamba watu watatu hata wakifanya kazi ya aina moja kila mmoja anafanya ya kwake, wakati kazi ya Mungu ni moja, inatoka kwa Baba, inapita kwa Mwana, inakamilika katika Roho, hakuna mahali unaweza kuikata ukasema kuanzia hapa ni ya mwingine.

Sasa umungu na asili, hapa ndo penye shughuli. Neno lililoko nyuma yake ni la Kigiriki, homousio, yaani wa usia moja (usia hapa siyo wosia, ni neno la Kigiriki la kile ambacho kitu ni hasa), na liliingizwa kwenye Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 ulioitishwa na Kaisari Konstantino (Nikea ndo Iznik ya leo, Uturuki). Liliingizwa kumfungia mlango Arius, padri wa Aleksandria kule Misri, aliyefundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote ila na yeye ameumbwa, na usemi wake maarufu ulikuwa "kulikuwa na wakati asipokuwako". Arius aliyaweka mafundisho yake kwenye mashairi kabisa ili watu wayashike. Lengo la Nikea lilikuwa kusema kwamba vile Baba alivyo Mungu, Mwana ni Mungu hivyohivyo, siyo Mungu wa daraja la chini. Ndo maana "mwenye umungu mmoja na Baba" mimi naiona tafsiri nzuri sana, inafika moja kwa moja.

"Asili moja" siyo kosa, shemeji yako asikosolewe, ni neno linalotumika na wengi na wanaelewana. Ila lina shida mbili. Ya kwanza, asili kwetu ni chimbuko pia, "asili yake ni Tanga", kwahiyo mtu anaweza kusikia kwamba Baba na Mwana wametoka sehemu moja, kana kwamba kuna kitu cha nyuma zaidi kilichowatoa wote wawili. Ya pili ndo nzito zaidi. Mwaka 451 kwenye Mtaguso wa Kalkedonia Kanisa lilisema Kristo ni nafsi moja mwenye asili mbili, ya Kimungu na ya kibinadamu, na hapo kwa Kigiriki neno lilikuwa lingine kabisa, fisis, yaani asili ya kitu, siyo usia. Sisi tukitumia asili kote kote mtoto wa kipaimara anajikuta Jumapili hii Yesu ana asili moja na Jumapili ijayo ana asili mbili, na hakuna aliyemweleza kwamba ile ya kwanza ni yeye na Baba na ile ya pili ni yeye mwenyewe kama Mungu na kama mtu. Isitoshe kuna Wakristo hapahapa Afrika, Wakopti wa Misri na ndugu zetu wa Ethiopia, ambao hawakuipokea Kalkedonia na wao wakisema asili moja wanamaanisha Kristo mwenyewe ni mmoja, asigawanywe. Kwahiyo ushauri wangu, ukifundisha Baba na Mwana sema umungu mmoja, asili itunze kwa ajili ya Kristo, Mungu kweli na mtu kweli.

Na usishangae kwamba maneno yanagongana, hata Wagiriki yaliwagonga. Ile kanuni ya imani ya 325 mwishoni iliwalaani wanaosema Mwana ametoka kwenye "hipostasi au usia nyingine", yaani waliyaona hayo maneno mawili kama kitu kimoja. Baadaye askofu Basil wa Kaisaria na wenzake wakasema usia moja, hipostasi tatu, hipostasi wakiitumia kwa maana ya nafsi! Fikiria mtu aliyezoea lugha ya 325 anasikia hipostasi tatu, kwake hiyo ni miungu watatu. Athanasius, aliyekuwa shemasi pale Nikea, akawa askofu wa Aleksandria mwaka 328 na akahamishwa kwa nguvu mara 5 kwa sababu ya huu ugomvi, mwaka 362 alikaa na pande zote mbili akawauliza mmoja mmoja, wewe ukisema tatu unamaanisha nini, na wewe ukisema moja unamaanisha nini, ikaonekana wanakiri kitu kilekile. Mimi naona lile ni tendo kubwa, mzee aliyeteseka vile bado anapata uvumilivu wa kumsikiliza mtu kabla ya kumwita mzushi.

Umungu na uungu zote ni sawa. Uungu imefuata njia ya mtu kuwa utu, unatoa m- unaweka u-, na Biblia ya Union inayo, Warumi 1:20 "uweza wake wa milele na Uungu wake". Umungu imeweka u- juu ya neno zima, kama mwinyi na umwinyi. Mnaosali kwa Kikatoliki mmeizoea hiyo, bakini nayo.

La Roho. Roho ya mtu inafuata ngeli yake, roho yangu inauma, roho nzuri, na kwa mpango huo ingekuwa roho takatifu. Tunasema Roho Mtakatifu, anashuka, anatuongoza, kwa sababu tunamkiri kama nafsi. Ni kilekile kilichofanyika kwenye Yohana 1:1, "naye Neno alikuwako kwa Mungu", neno kwa kawaida ni lilikuwako, wao wakaandika naye na alikuwako na hapo msomaji anajua kabla hajaelezwa kwamba anayesemwa siyo tamko la mdomo. Wagiriki kwa Roho hawakuwa na msaada huo, neno lao pneuma siyo la kiume wala la kike, liko kwenye kundi la tatu lenye vitu vingi visivyo na uhai, kwahiyo Basil ilibidi ajenge hoja yake kwenye vihusishi, akatetea kwa kitabu kizima haki ya kumtukuza Baba "pamoja na" Mwana, "pamoja na" Roho. Alikufa mwaka 379, na kanuni inayohusishwa na Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381, ambayo ndo tunayosali leo, ikasema hivyohivyo: "anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana".

Ila angalizo dogo, ile m- ya Utatu Mtakatifu siyo ya nafsi, ni ya ngeli ya U tu, kama ukuta mkubwa na wimbo mzuri. Kwahiyo kwenye karatasi za watoto andika "Roho Mtakatifu anaabudiwa" na "Utatu Mtakatifu unaabudiwa".