Insha za uhakiki juu ya Mfalme Oedipus: muhtasari kwanza, uchambuzi baadaye

Mkuu, rasimu yako nimeisoma yote. Umepewa insha za uhakiki juu ya Mfalme Oedipus, tanzia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale, uzifupishe kisha uzichambue, na unalalamika kwamba muhtasari unakaribia urefu wa insha yenyewe. Sababu iko wazi. Sentensi zako zinaanza na "mwandishi anasema", inayofuata "pia anasema", halafu "vilevile anaeleza". Unamfuata mhakiki aya kwa aya kama karani wa mahakama. Nimesoma fasihi na nimesahihisha kazi za aina hii kwa miaka mingi, na hakuna kasoro niliyokutana nayo mara nyingi kuliko hii.

Mhakiki mara nyingi huandika kwa sababu kuna msomaji mwenzake kamuudhi. Basi kabla hujaandika chochote, tafuta anabishana na nani na wanabishania nini. Ukishalijua hilo, utaona hoja ipi ni ya mpinzani na imetajwa ili ibomolewe, ipi ni yake mwenyewe, na ipi ni pambo tu. Wewe umeandika kwamba mhakiki E. R. Dodds anamwona Oedipus kuwa kikaragosi cha miungu. Hasemi hivyo hata kidogo! Ameutaja msimamo huo ili aupinge, na umechukua maneno ya mshtakiwa ukayaweka kinywani mwa hakimu.

Tukae kidogo kwa huyo Dodds, maana insha yake ya 1966 inafundisha kazi hii vizuri kuliko mwongozo wowote. Anaanza na swali la mtihani: je, tamthilia hii inajaribu kuhalalisha njia za Mungu mbele ya wanadamu? Majibu ya wanafunzi anayagawa katika makundi matatu. Wa kwanza walisema ndiyo, kwa sababu Oedipus alikuwa na dosari ya tabia na akaadhibiwa. Wa pili walisema tamthilia inaonyesha kwamba binadamu hana hiari. Wa tatu wakasema Sophocles alikuwa msanii tu, mambo ya kuhalalisha miungu hayakumhusu. Insha yote iliyobaki ni kuyavunja majibu hayo moja baada ya jingine, kwa hiyo mifupa ya muhtasari wako unayo tayari.

Hoja dhidi ya kundi la kwanza ni tamu. Wanaomlaumu Oedipus huonyesha hasira zake kwa nabii kipofu Tiresias na jinsi anavyomwonea shemeji yake Creon. Dodds anawakumbusha kwamba miaka mingi kabla pazia halijafunguliwa, Oedipus alikwisha kumuua baba yake, mfalme Laius, na kumwoa mama yake, Jocasta, bila kuwajua. Kama hiyo ni adhabu ya kumwonea Creon, basi adhabu ilitangulia kosa. Tena anaongeza kwamba mwanafalsafa Aristotle, ambaye watu humsingizia habari ya dosari, alipotaja kosa la shujaa wa tanzia alikusudia kukosea kwa kutojua.

Dhidi ya kundi la pili anatenganisha mambo mawili. Utabiri kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake ulikuwa lazima utimie, lakini anayoyatenda Oedipus mbele ya macho yetu anayatenda kwa hiari. Angeweza kuiacha tauni iendelee Thebes, mji anaoutawala; huruma kwa watu wake ndiyo iliyomfanya atume ujumbe Delphi, kwenye hekalu la utabiri. Angeweza kuacha kumtafuta muuaji wa Laius. Tiresias anamsihi aache, Jocasta anamsihi aache, mchungaji wa mifugo anamsihi aache, naye haachi. Kinachomwangusha ni uaminifu wake kwa Thebes na kwa ukweli. Kundi la tatu halihitaji zaidi ya sentensi moja.

Ningekuwa mimi, muhtasari ungekuwa hivi: "Dodds anapinga usomaji wa aina tatu: kwamba Oedipus anaadhibiwa kwa dosari yake, kwamba ni chombo kisicho na hiari, na kwamba Sophocles hakujali suala la miungu. Anaonyesha kuwa makosa ya Oedipus yalitendeka bila kujua, huku uchunguzi unaomfichua ukiwa uamuzi wake mwenyewe. Kwake, Oedipus ni mkuu kwa sababu anaufuata ukweli hata unapomgharimu." Sentensi tatu, na Dodds akifufuka leo hatalalamika. Mtihani wangu ni huo huo siku zote: mwenye insha akisoma, atakubali kwamba ndicho alichosema?

Uchambuzi sasa. Hapa wengi huandika "nakubaliana na mwandishi kwa sababu ametoa hoja nzuri", na hiyo si kazi. Fungua tamthilia yenyewe, nenda kwenye mstari ambao mhakiki ameuegemea, usome uliotangulia na unaofuata.

Mfano ni mhakiki Sandor Goodhart, aliyeandika 1978 kuhusu idadi ya wauaji wa Laius. Mwanzoni Creon anaripoti kwamba manusura wa msafara wa Laius alisema walivamiwa na majambazi, kundi zima. Oedipus anajibu papo hapo akisema "jambazi", mmoja. Baadaye anamwambia Jocasta wazi kwamba manusura akishikilia kuwa walikuwa wengi, basi yeye si muuaji, maana mmoja hawezi kuwa sawa na wengi. Manusura anaitwa, anafika, na hakuna anayemuuliza swali hilo! Anaulizwa habari za mtoto wa Laius tu, yaani Oedipus mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye mchungaji yule aliyekabidhiwa mtoto akamtupe. Goodhart anasema basi tamthilia yenyewe haijathibitisha mauaji. Frederick Ahl, mwaka 1991, alikwenda mbali zaidi: Oedipus anajihukumu kwa ushahidi usiotosha.

Mimi pengo hilo nalikubali, kwa sababu nimelitafuta na lipo. Ninapogoma ni kwenye hitimisho. Hadhira ya Athens ilikijua kisa hiki kabla haijaketi, kwa hiyo Sophocles angeweza kuliacha swali likafa njiani bila mtu kumtilia shaka Oedipus. Unaona tofauti? Sijasema Goodhart kakosea. Nimeonyesha ushahidi wake unafika wapi na unaishia wapi.

Freud, mwanasaikolojia, na Vernant, mtaalamu wa Ugiriki ya kale, usiwaandikie sehemu mbili zisizosalimiana, waache wagombane. Freud, katika kitabu chake cha tafsiri ya ndoto kilichochapishwa mwishoni mwa 1899, anadai kisa hiki kinatugusa kwa sababu kila mmoja wetu ana matamanio ya Oedipus. Jean-Pierre Vernant alimjibu mwaka 1967 kwa swali rahisi: mama ambaye Oedipus alimjua na kulelewa naye ni Merope wa Corinth, na ni Merope huyo ambaye Oedipus alimkimbia. Hayo mapenzi ya utotoni kwa Jocasta yalitoka wapi? Halafu angalia maneno ambayo Freud anayategemea, yale ya Jocasta kwamba wanaume wengi wameota kulala na mama zao. Jocasta anayasema ili kumtuliza mumewe, akisisitiza kwamba ndoto hizo si za kuzijali. Hapo una aya nzima ya uchambuzi bila kuazima maneno ya mtu.

Angalia na miaka. Mwandishi Mfaransa Voltaire alilalamika mwaka 1719 kwamba haingii akilini Oedipus atawale muda wote huo bila kujua Laius aliuawaje. Aristotle alikwisha kuliona hilo, akaliachia kwa sababu liko nje ya matukio ya jukwaani. Usiandike kana kwamba Voltaire ndiye mgunduzi.

Kuhusu Bernard Knox, ambaye umesema anakutisha kwa urefu: katika kitabu chake cha 1957 Oedipus anafanana na Athens yenyewe, yaani mwepesi wa kutenda, mwerevu, anayejiamini kupita kiasi. Knox pia anaihusisha tauni ya Thebes na tauni iliyoipiga Athens mwaka 430 KK. Hayo ni madai mawili. Yaandike mbalimbali, kisha ujiulize kama la kwanza bado linasimama tamthilia ikitokea kuwa iliandikwa kabla ya tauni hiyo. Mimi naona linasimama.