Aliisikiliza, akaielewa, akaikataa

Mhariri,

Katika Swali la Wiki mliuliza kama albamu inayosifiwa na wahakiki, huku wasikilizaji wengi wakiizima kabla ya wimbo wa tatu, inastahili kuitwa kazi kubwa. Mfano mliotoa ni Trout Mask Replica ya Captain Beefheart na bendi yake, Magic Band. Swali ni halali. Kilichonichoma ni maneno mliyoyaongeza chini yake, kwamba wanaoikataa albamu ya namna hiyo kwa kawaida hawana subira ya kusikiliza. Nitayajibu maneno hayo kuliko swali lenyewe, kwa sababu hapa Moshi nilimshuhudia mtu akiikataa albamu hiyohiyo baada ya kuisikiliza kwa makini ambayo sijaiona kwa mhakiki yeyote niliyemsoma.

Kwa ambao hawajaisikia, albamu hiyo ya roki ilitoka Marekani mwaka 1969 katika santuri mbili zenye nyimbo 28 zinazochukua karibu dakika 80, na mtayarishaji wake alikuwa mwanamuziki Frank Zappa. Magitaa mawili, bezi na ngoma huenda kila kimoja na njia yake, na juu yake Don Van Vliet, ambaye ndiye Captain Beefheart, huimba na kunguruma mashairi yasiyo na kisa cha kufuata. Mhakiki Lester Bangs aliisifu katika jarida la muziki la Rolling Stone mwaka uleule. Uingereza, ambako mtangazaji John Peel aliipigia debe redioni, ilifika nafasi ya 21 katika chati ya albamu. Mwaka 2003 Rolling Stone iliipa nafasi ya 58 katika orodha yake ya albamu 500 bora, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiingiza katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Wanaotuhimiza tuwe na subira hupenda kumtaja Matt Groening, mchoraji wa katuni za The Simpsons, ambaye alipoinunua akiwa kijana aliona hajawahi kusikia kitu kibaya kama hicho, lakini alipofika mara ya sita au ya saba ikamkaa.

Nakala iliyotufikia sisi ilikuwa CD ambayo kaka yangu aliachiwa na mgeni aliyempandisha mlimani. Nyumbani hatukuwa na mashine ya CD, kwa hiyo tuliipeleka kwa fundi redio mwenye kibanda jirani na Soko la Mbuyuni, ambaye alikuwa na deki na spika mbili kubwa alizozielekeza barabarani ili wapita njia wajue kazi yake. Fundi huyo alikuwa mpenzi wa muziki wa dansi wa tangu zamani, mtu anayeweza kukutajia nani alipiga solo na nani alipiga rizimu katika wimbo wowote utakaomwimbia. “Frownland,” ambao ndio wimbo wa kwanza, haufiki hata dakika mbili. Ulipokwisha alisema kwamba vijana hao bado wanalinganisha magitaa, tusubiri waanze. Ulipofika wa tatu aliuliza chemsha yake iko wapi, yaani ile sehemu ya mwisho ya wimbo wa dansi ambapo mwendo huongezeka na watu hucheza. Mama aliyekuwa akiuza ndizi pembeni ya kibanda alituomba kwa upole tuizime, maana wateja wake walikuwa hawasikii bei.

Tungeizima, lakini wakati huo aliingia mwalimu mmoja wa kwaya ya usharika, aliyekuja kuchukua kinanda alichokileta kutengenezwa. Tulimwamkia, akaitikia bila kututazama, kisha akamwomba fundi aurudishe wimbo ule mwanzo. Alivuta kreti ya soda akakaa karibu na spika. Aliposikiliza mara ya pili aliomba kalamu, akageuza karatasi ya risiti na kuanza kuandika do-re-mi upande wa nyuma, kama alivyozoea kuandikia sauti ya kwanza mpaka ya nne kwenye ubao wa kwaya. Alilifuata gitaa moja peke yake mpaka mwisho, akiyaacha mengine yote yapite. Kisha akaomba urudiwe tena, akalifuata gitaa la pili. Mistari ya nota ilikuwa mifupi na imefutwafutwa, na katikati yake alikuwa amechora vijistari vya wima kuonyesha mahali ambapo kila kifungu kinaanza upya. Vijistari vya gitaa moja havikukaa sawa na vya lile lingine, na hicho ndicho alichotaka tukione. “Angalieni,” alisema, “kifungu cha huyu ni kifupi, cha yule ni kirefu, na kila mmoja anarudia cha kwake. Ndiyo maana wanaachana, halafu wanakutana. Hapa hakuna aliyekosea. Hii imefundishwa.”

Fundi hakukubali mara moja. Alisema mtu yeyote anaweza kupiga ovyo kisha akasema alikusudia. Mwalimu alimjibu kwamba ovyo haijirudii, na hawa wanajirudia. Kisha alisema jambo ambalo sijalisahau: “Vyombo vinasikilizana. Anayeimba ndiye hawasikii wenzake.” Tulimuuliza anajuaje. Alisema mwimbaji anaingia baada ya pigo au kabla yake bila mpango, tofauti na magitaa ambayo hata yakiachana yana mpango. Tuliporudi kwenye wimbo wa pili, ulioimbwa bila vyombo, “The Dust Blows Forward ’n the Dust Blows Back,” wenye mlio mdogo kati ya mstari na mstari, fundi ndiye aliyetueleza kwamba hiyo ni swichi ya mashine ya kurekodia, inazimwa na kuwashwa. Wimbo huo walisikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Mwalimu alisikiliza nyimbo kadhaa zaidi, akakunja karatasi yake, akalipia kinanda. Kaka yangu alimuuliza, “Kwa hiyo Mwalimu, umeupenda?” Akajibu, “Hapana. Nimeuelewa, lakini mtu akiimba hivi kwenye kwaya yangu namrudisha nyumbani mpaka ajifunze kusikiliza wenzake.” Akaaga, akaenda zake.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za albamu hii, nilikuta kwamba Van Vliet alikataa kuvaa vifaa vya masikioni wakati wa kurekodi sauti yake, akaimba kwa kufuata mvumo mdogo wa vyombo uliopenya kioo cha studio. Ni kweli kwamba hakuwa akiwasikia. Nilikuta pia kwamba Van Vliet, ambaye hakuwa mpiga piano, alibonyeza vipande vya tuni kwenye piano katika nyumba walimoishi pamoja pembezoni mwa Los Angeles, na mpiga ngoma John French ndiye aliyeviandika kwa nota, akavipanga na kumfundisha kila mwenzake sehemu yake. Walifanya mazoezi kwa miezi kama minane, na walipoingia studio walipiga vyombo vya nyimbo zipatazo ishirini kwa takribani saa sita. Kumbe ilikuwa imefundishwa kwelikweli.

Hata hivyo kwa miaka mingi waandishi wa muziki walirudia alichowaambia Van Vliet mwenyewe, kwamba alitunga albamu nzima kwa saa nane na nusu na kuwafundisha kupiga vyombo vijana ambao hawakujua kitu. Wapigaji wenyewe wamelikanusha jambo hilo. Jina la French halikuandikwa kwenye jalada la kwanza. Wahakiki waliotutaka tuwe na subira walikipokea bila kukihoji kisa ambacho mwalimu wa kwaya, kwa kalamu na risiti, angekitilia shaka kwa alasiri moja.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba msikilizaji wa kawaida ndiye mwenye haki na wahakiki wajisahihishe. Nikiyapima tena niliyoyaeleza, naona siwezi kulisema lote. Bangs alisifu na mwalimu alikataa, lakini wote wawili walisikia kwamba kuna mpango ndani ya vurugu ile, na mpango huo upo. Kukataa kwa fundi siwezi kukuweka mizani moja na kukataa kwa mwalimu, ingawa namheshimu fundi, na yule mama alikuwa na haki yote ya kufanya biashara yake kwa utulivu. Kwa hiyo, Mhariri, kuhusu thamani ya albamu nakubali kwamba wahakiki wako sahihi: ni kazi kubwa, imejengwa kwa juhudi ambayo bendi nyingi hazijawahi kuijaribu.

Nakubali hivyo kwa masharti. Kurudia kusikiliza mara saba si ushahidi, kwa kuwa anayelala jirani na mashine ya kusaga naye huuzoea mngurumo wake. Pia siwezi kuisifu juhudi hiyo bila kutaja namna ilivyopatikana. Wapigaji walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini hivi, na French ameeleza kupigwa, kudhalilishwa mbele ya wenzao, na kipindi ambacho chakula chao cha siku kilikuwa kikombe kidogo cha soya. Walimu wetu wa kwaya nao wana ukali wao, lakini mwimbaji wao hurudi nyumbani jioni akala. Mimi mwenyewe albamu hii siipigi nyumbani, na sidhani kwamba nitaipiga.

Mkiirudia mada hii, naomba jina la John French liwe katika aya ya kwanza, kabla ya hadithi ya saa nane na nusu, na yale maneno ya subira myaondoe.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi